Kupanga gia za modeli ya mota zisilie wala kubana

Maswali ni yale yale. Mota inalia lakini gurudumu haliendi. Upande wa kushoto unakimbia, wa kulia unajikokota. Nimefuata mchoro hatua kwa hatua, mbona mota inachemka? Anayeunga modeli ya mota, yaani chombo cha kuchezea kinachoendeshwa na mota, kwa mara ya kwanza atauliza mojawapo ya haya, na lawama huangukia mota au betri. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Gia ndizo hazijakaa sawa.

Nitatumia giaboksi moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: Tamiya namba 70168, inayoitwa Double Gearbox, kutoka kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani. Nimeichagua kwa sababu inakuja vipande vipande, kila gia unaipanga mwenyewe, na ina mota mbili zinazojitegemea, ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo wanaojenga roboti ndogo za magurudumu au za mikanda wanaipenda. Ukiwa na kifaru, gari au kreni ya kuchezea yenye giaboksi ya kuunga, hatua ni hizi hizi; kitakachobadilika ni umbo la boksi na idadi ya gia. Zile mota za njano zenye gia ndani, zinazouzwa pamoja na vifaa vya Arduino (bodi ndogo za kuprogramu), zinafika zikiwa zimefungwa tayari. Hizo huna cha kupanga, ukurasa huu hautakusaidia.

Nadharia, kidogo tu

Giaboksi hii inaweza kuungwa kwa uwiano wa aina nne: 12.7, 38.2, 114.7 au 344.2 kwa 1. Uwiano wa 344.2 maana yake mota inazunguka zaidi ya mara 344 ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Hesabu yake ni rahisi. Pinioni, yaani gia ndogo iliyo kwenye mota, ina meno 8, na inasukuma krauni, gia ya duara ambayo meno yake yametazama ubavuni, yenye meno 34, hapo mwendo umepungua mara 4.25. Kuanzia hapo kila gia ndogo ya meno 12 inasukuma kubwa ya meno 36, kila mara mwendo unapungua mara tatu. Zidisha 4.25 kwa tatu, mara nne mfululizo, utafika 344.

Kwa anayeunga, cha kuangalia katika hesabu hiyo ni kwamba kwenye uwiano mkubwa meno yanakutana mahali patano kila upande. Kila pakutaniapo pakibana kidogo, mota inabeba jumla ya yote. Kwa hiyo kama ndiyo mara yako ya kwanza na mradi wako unaruhusu, anza na 38.2 au 114.7. Roboti ya mezani inaenda vizuri tu kwa 114.7.

Jambo la pili: umbali kati ya shafti na shafti, yaani zile fimbo zinazobeba gia, umeshaamuliwa na matundu ya boksi. Huwezi kuusogeza, na usijaribu kuyapanua matundu. Vilivyo mikononi mwako ni vinne: gia inakaa wapi kwenye urefu wa shafti, pinioni imeingia kiasi gani kwenye mota, bushi (vile vipete vinavyoshika shafti kwenye matundu ya boksi) zimenyooka au zimeinama, na skrubu za boksi zimekazwa kiasi gani. Kazi yote iliyobaki hapa chini inahusu vinne hivyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Koleo ndogo ya kukatia yenye ncha bapa. Mkasi wa kucha unaweza kukusaidia kama huna, ila ukate kwa mbali na kipande kisha umalizie kwa wembe.
- Wembe au kisu cha kukatia karatasi, na kipande cha msasa laini, namba 400 au zaidi.
- Bisibisi ya nyota inayoingia barabara kwenye skrubu zako. Bisibisi isiyolingana na skrubu itakula kichwa cha skrubu siku hiyo hiyo.
- Alenki ndogo, ule ufunguo wa pembe sita, iliyomo ndani ya boksi. Usiipoteze, ni ndogo kiasi cha kumezwa na zulia.
- Kalamu ya maka nyeusi au nyekundu, na karatasi ya kawaida ya kuchapishia.
- Grisi ya gia za plastiki iliyokuja na boksi. Kama imekauka, tafuta grisi ya silikoni.
- Betri ya AA moja ya alkalaini, pamoja na kishikio cha betri mbili kwa ajili ya baadaye.
- Sahani au kifuniko cha ndoo cha rangi nyeupe. Vipande vyote vikae humo.

Kuhusu betri, nitasema mapema kwa sababu wengi wanaharibu hapa. Mota zinazokuja na giaboksi hii ni za aina ya FA-130, ni za volti 1.5 hadi 3. Usizifunge kwenye betri ya mraba ya volti 9 eti ziende kwa nguvu. Zitaenda kwa nguvu kweli, kwa muda mfupi, halafu brashi zake, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme, zitaungua. Na unapopima gia unataka mota iende polepole ili usikie kasoro, kwa hiyo volti 1.5 inatosha.

Hatua

1. Chagua uwiano na utenge vipande vyake. Karatasi ya maelezo ina michoro minne, mmoja kwa kila uwiano. Chagua mmoja, ile mingine ifunike kwa karatasi na utepe wa gundi. Nasema hivi kwa uzito: spesa, yaani vile vibomba vifupi vya plastiki vinavyotenganisha gia, haviko urefu mmoja, na urefu unaohitajika hubadilika kutoka mchoro hadi mchoro. Anayeruka kutoka mchoro huu hadi ule ndiye anayejikuta na gia mbili zinazosuguana ubavu. Tena uwiano ukibadilika, shafti ya kutokea, ile inayobeba gurudumu, nayo inaweza kuhama tundu, na ukiwa tayari umetoboa bodi ya roboti yako utajuta.

2. Kata, kisha safisha kila jino. Ukikata gia kutoka kwenye fremu yake ya plastiki, panabaki kichuguu kidogo pale ilipokuwa imeshikwa. Kikiwa ubavuni, msasa unakitoa. Kikiwa kati ya meno mawili, tumia ncha ya wembe, taratibu, usile jino lenyewe. Zungusha gia mbele ya taa na uangalie bonde moja moja. Utando mwembamba wa plastiki ndani ya bonde moja tu unatosha kuifanya giaboksi nzima igonge tik, tik, tik kila mzunguko, na ukishafunga boksi hutaiona tena.

Tundu la katikati nalo. Gia nyingi humu zinatakiwa kuzunguka huru juu ya shafti, hazifungwi nayo. Ingiza gia kwenye shafti, simamisha shafti wima: gia iteleze yenyewe hadi chini. Ikikwama, safisha tundu kwa wembe, usilitoboe kwa drili.

3. Pinioni kwenye mota. Weka pinioni wima juu ya meza ngumu, elekeza shafti ya mota kwenye tundu lake, sukuma mota kwa kiganja, moja kwa moja, bila kuyumba. Nyundo hapana. Nyuma ya mota hii kuna kifuniko cha plastiki kinachoshika brashi, na ukigonga shafti kwa nyundo unakisukuma kitoke.

Pinioni isiguse mwili wa mota. Acha mwanya unaopitisha karatasi nene, kisha ulinganishe na mchoro. Izungushe kwa vidole: ikiyumba kama imewekwa upande, itoe na uirudie, maana pinioni iliyoinama haitanyooshwa na kitu kingine chochote mbele ya safari.

Watu wengine hupaka gundi ya papo hapo ili pinioni isilegee. Gundi hiyo haishiki vizuri plastiki ya gia, na tone likiteleza hadi kwenye bushi ya mota, mota imekwisha. Pinioni ikiwa imelegea, badilisha pinioni.

4. Bushi na shafti, zikiwa tupu. Kabla ya kuweka gia hata moja, sukuma bushi kwenye matundu ya boksi hadi zikae bapa, ukingo wake ulingane na ukuta pande zote. Bushi iliyoinama kidogo inaiinamisha shafti, na shafti iliyoinama inazipeleka gia zote zilizo juu yake kwa mshazari. Pitisha shafti tupu. Izunguke kwa kidole kimoja. Ikibana, tatizo umelipata mapema, kabla halijajificha nyuma ya gia sita.

Viringisha pia shafti yenyewe juu ya kioo cha dirisha au simu iliyozimwa, ukiangalia mwanga chini yake. Ikipepesuka, imepinda. Shafti za hapa ni za pembe sita, kwa hiyo zitagonga kioo zikiviringika. Usichanganye kugonga huko na kupinda.

5. Panga upande mmoja tu, bila grisi. Anza na wa kushoto au wa kulia, upendavyo, ila usichanganye. Pande mbili zinatazamana kama mtu na kioo, kwa hiyo spesa iliyokaa kulia kwa gia upande huu itakaa kushoto kwake upande wa pili. Huku ndiko kunakotoka lile lalamiko la upande mmoja kwenda na mwingine kugoma.

Gia zinakaa kwa kupishana kwenye shafti mbili zilizo sambamba. Ukishaziweka zote, tazama kutoka juu, jicho likiwa wima. Kila gia ndogo ya meno 12 iwe imekutana na meno ya gia kubwa kwa upana wake wote. Ukiona nusu ya jino inafanya kazi na nusu nyingine iko hewani, spesa imewekwa mahali si pake, au ya urefu usio wake. Usiisukume gia kwa kidole iende mahali pake kisha ufunge haraka. Itarudi.

6. Krauni na pinioni. Hapa ndipo kazi ilipo, chukua muda.

Fundi wa difu za magari anapounga krauni na pinioni hupaka rangi kwenye meno, akazungusha, halafu akasoma alama iliyobaki. Fanya hivyo hivyo. Paka maka kwenye meno matatu au manne ya krauni, iache ikauke kidogo, weka mota kwenye kibano chake bila kuunganisha waya, kisha zungusha krauni kwa kidole, mbele na nyuma. Itoe uangalie rangi ilikolika.

Kuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Kina cha meno, yaani pinioni imezama kiasi gani kwenye krauni, kinatokana na krauni kusogea kushoto au kulia kwenye shafti yake. Spesa ndizo zinazokiamua. Upana, yaani ni sehemu gani ya jino inayoguswa, unatokana na pinioni kuingia zaidi au kutoka kwenye shafti ya mota. Kwa hiyo:

Rangi imelika kwenye ncha za meno tu: krauni iko mbali. Itaruka meno ikipata mzigo. Isogeze karibu kwa spesa.

Rangi imelika hadi shinani kabisa na kuna alama ya kubanwa: krauni iko karibu mno. Itazunguka, lakini mota itachemka.

Rangi imelika ukingo mmoja tu wa jino: pinioni haijaingia vya kutosha, au imeingia kupita kiasi na inagusa kitovu cha krauni.

Unachotaka ni alama iliyo katikati ya jino, haijafika shinani.

Baada ya hapo, jaribu karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya kuchapishia, upitishe kati ya pinioni na krauni huku ukizungusha. Utoke ukiwa na mikunjo ya meno, haujachanika. Ukichanika, meno yamebanana. Ukitoka laini kana kwamba haujapita popote, yako mbali. Jaribio hili linafaa pia kwa gia nyingine, ijapokuwa huko umbali umeshawekwa na boksi, kwa hiyo karatasi ikichanika huko tafuta uchafu au utando kati ya meno, au bushi iliyoinama.

Krauni ikiwa inateleza sana kushoto na kulia hata spesa zikiwa sahihi, tengeneza washa nyembamba ya kujazia. Chupa ya soda ya plastiki inafaa sana: kata kiduara kidogo, toboa tundu linalopita shafti kwa ulaini, kiweke upande wa nyuma wa krauni, ule usio na pinioni. Kimoja, ujaribu. Ukiweka viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichozidi.

7. Sikia plei, yaani ule ulegevu mdogo kati ya meno. Shika gia moja isitembee, tikisa jirani yake. Lazima kuwe na mtikisiko mdogo sana, unaousikia kwenye ncha ya kidole zaidi ya kuuona. Plei ikiwa sifuri, umebana. Grisi haitakuwa na mahali pa kukaa na plastiki ikipata joto itabana zaidi. Rudia kwa kila jozi, kuanzia krauni kwenda kwenye gia ya mwisho. Wanaoanza huogopa plei, wanadhani ni ubovu. Gia za plastiki zisizo na plei hata kidogo ndizo mbovu.

8. Kaza gia ya mwisho. Hii peke yake inafungwa na shafti, kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa. Shafti ina nyuso sita. Elekeza skrubu kwenye uso bapa, isiwe kwenye kona. Ukiikaza kwenye kona, itaonekana imeshika, na baada ya dakika chache za kazi itahama hadi kwenye uso bapa, italegea, na gurudumu litaanza kuteleza. Kaza hadi alenki ianze kukataa, kisha kidogo tu. Skrubu inaingia kwenye kitu kidogo, na uzi wake ukiliwa huna pa kwenda.

Kabla ya kuikaza kabisa, hakikisha gia iko mkabala na jirani yake na kwamba shafti ina nafasi ndogo ya kuteleza kushoto na kulia, unene wa kadi ya simu hivi. Shafti isiyoteleza hata kidogo inasugua kuta za boksi.

9. Funga boksi kavu, zungusha kwa kidole. Weka skrubu zote, zikaze nusu tu, kwa mshazari: hii, kisha ile ya kona ya pili. Baada ya kila skrubu zungusha gia. Mahali zitakapoanza kuwa nzito umejua ni skrubu ipi inayokunja ukuta. Ilegeze robo mzunguko. Skrubu hizi zinashikilia plastiki tu, hazihitaji nguvu za kufunga tairi.

Onyo moja. Zungusha kutoka kwenye krauni, upande wa mota. Usizungushe shafti ya kutokea kwa nguvu. Kwenye uwiano wa 344.2 ukizungusha gurudumu kwa mkono unajaribu kuisukuma mota mara 344 kinyume, na kitakachokubali kwanza ni jino la plastiki. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe mtoto roboti iliyokamilika akaisukuma sakafuni kama gari la kawaida.

10. Fungua, grisi, funga. Ndiyo, unafungua tena. Grisi ukiipaka mapema inaficha kelele na kuokota vumbi la msasa. Weka kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kila jozi ya meno, na kidogo kabisa pale gia huru inapozunguka juu ya shafti. Izungushe isambae. Grisi nyingi haisaidii: inarushwa kwenye kuta, na mota ndogo namna hii inahisi uzito wake. Usitumie grisi nyeusi ya magari, wala dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zilizoshika kutu. Hiyo ya pili ni nyepesi, inaiosha grisi nzuri na kuondoka nayo.

11. Mota, na mwendo wa kwanza. Sukuma mota hadi ikae sawasawa kwenye kibano. Kama utalehemu waya, ulehemu mota ikiwa nje ya boksi, na ncha ya moto isikae muda mrefu kwenye kile kipande cha shaba, kwa sababu kimeshikiliwa na plastiki.

Unganisha betri moja, volti 1.5, gurudumu likiwa hewani. Acha izunguke dakika moja mbele, dakika moja nyuma. Sauti inayotakiwa ni mlio mmoja, usiopanda na kushuka. Kisha gusa mota. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuweka kidole hapo, zima, rudi hatua ya 6. Ukiridhika, fanya upande wa pili kuanzia hatua ya 5, kisha ndipo uende kwenye volti 3.

Kwa wanaotumia kidhibiti cha mota chenye chipu ya L293D, wengi wetu tunaitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana: chipu hiyo inavumilia ampea 0.6 tu kwa kila mota kwa mfululizo. Mota ya FA-130 ikishikwa isizunguke inavuta karibu ampea 2. Gia zinazobana zinaipeleka mota upande huo bila wewe kujua, na chipu inaungua huku ukitafuta kosa kwenye programu.

Ikikataa

*Mota inazunguka, shafti haitembei kabisa.* Angalia skrubu ya gia ya mwisho kwanza. Ikiwa imekaza, toa mota na uishike pinioni kwa kucha: ikizunguka peke yake juu ya shafti ya mota, imepasuka. Ufa wa pinioni ni mwembamba, uangalie kwenye mwanga, kwenye bonde kati ya meno mawili. Hakuna dawa zaidi ya pinioni mpya.

*Inagonga kwa mpigo.* Sikiliza kasi ya mpigo. Ukiwa wa haraka mno kiasi cha kuwa kama mluzi unaokwaruza, kasoro iko kwenye pinioni au krauni. Ukiwa wa polepole, sawa na mzunguko wa gurudumu, kasoro iko kwenye gia ya mwisho au jirani yake. Ukiwa kati na kati, ni gia za katikati. Hii inakuokoa kufungua kila kitu kutafuta jino moja.

*Inaenda vizuri hewani, inakwaruza ikishuka chini.* Krauni inateleza ikipata mzigo na kuachana na pinioni. Rudi kwenye kiduara cha chupa ya soda. Kama krauni haitelezi, kagua kama mzigo wa roboti unaikunja shafti ya kutokea: gurudumu likikaa mbali sana na boksi, shafti inapinda kidogo na gia ya mwisho inainama nayo. Sogeza gurudumu karibu.

*Mbele iko kimya, nyuma inapiga kelele.* Mota inacheza kwenye kibano chake. Ikisukuma upande mmoja inajikaza, upande wa pili inajinyanyua. Weka ukanda mwembamba wa utepe wa karatasi wenye gundi kuizunguka mota, ijae.

*Pande mbili hazilingani mwendo.* Kwanza badilishana mota: ya kulia ipeleke kushoto. Unyonge ukihama na mota, ni mota, na tofauti ndogo kati ya mota mbili ni ya kawaida, irekebishe kwenye programu. Unyonge ukibaki upande ule ule, ni gia zako, na bila shaka ni spesa.

*Magurudumu yanazunguka kinyume, moja mbele moja nyuma.* Gia hazihusiki. Badilisha waya mbili za mota moja, chanya iwe hasi.

*Ilikuwa nzuri, baada ya wiki kadhaa ikaanza kulia.* Fungua, futa grisi ya zamani kwa kitambaa kikavu, tazama kama ina unga mweupe wa plastiki. Unga kidogo ni wa gia mpya zinazozoeana. Ukiwa mwingi na umerundikana mahali pamoja, jozi hiyo haikukaa sawa tangu mwanzo. Paka maka, soma rangi upya. Meno yakishachongoka kama ya msumeno, hakuna spesa itakayoyarudisha, nunua seti nyingine ya gia na uanzie hatua ya 2.